Nyumba ilikuwa imezimwa siku mthamini alipokuja

Mthamini, mtu aliyeletwa na mkopeshaji kupima thamani ya nyumba tuliyotaka kuinunua, alibonyeza swichi ya taa ya jikoni mara mbili, akangoja, kisha akageuka kunitazama. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Februari, nje digrii 18 chini ya sifuri, na mle ndani hakukuwa na nafuu kubwa. Kila tulipozungumza pumzi zilitoka kama moshi. Akaenda chooni. Kifuniko cha choo kilikuwa kimezungushiwa utepe wa plastiki wenye maandishi mekundu ya kukataza matumizi, na ndani ya choo kulikuwa na maji ya rangi ya waridi. Hakugusa bomba hata moja. Alipiga picha, akaandika kwenye tableti yake, halafu akaniambia kwa upole kwamba vyumba atavipima, ila kazi haitakamilika. Umeme, maji na gesi vyote vimezimwa.

Mimi nilikuwa nimeshalipa dola 575 kwa ajili ya asubuhi ile.

Naandika haya kwa sababu tangu tuhamie, watu wanne wa jamii yetu hapa Minnesota wameniuliza habari za kununua nyumba, na kila mmoja ameuliza riba, kianzio na mtaa. Hakuna aliyeuliza habari ya joto. Nasi hatukuuliza, na kidogo tuipoteze nyumba, au tulale ndani yake bila kujua kilichokuwa chini ya ngazi.

Tumeishi huku miaka tisa. Mke wangu anahudumia wazee, mimi nafanya zamu ya usiku kwenye ghala. Nyumba tuliyoipata ilikuwa Brooklyn Center, kaskazini ya Minneapolis, ya ghorofa moja na chumba kikubwa chini ya ardhi, yaani besimenti, imejengwa mwaka 1958. Bei ilikuwa dola 248,000, chini kidogo ya nyumba nyingine za mtaa ule. Mwenyewe alishindwa kulipa mkopo, benki ikaichukua, na sasa benki hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuza. Hakuna mtu aliyeishi humo tangu kabla ya majira ya baridi.

Sisi tulitumia mkopo wa FHA. Kwa asiyeijua, hiyo ni idara ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1934. Yenyewe haikukopeshi, inamkinga mkopeshaji ikiwa utashindwa kulipa. Ndiyo maana mtu mwenye alama za mikopo, yaani kipimo cha jinsi anavyolipa madeni yake, kuanzia 580 anaweza kuingia kwa kianzio cha asilimia 3.5 tu. Kwetu ilikuwa dola 8,680. Kuna na bima ya mwanzo ya asilimia 1.75 ya mkopo, kwetu kama dola 4,188, ambayo tuliiunganisha kwenye deni. Lakini kwa kuwa serikali ndiyo inayobeba hatari, ina masharti juu ya nyumba yenyewe. Nyumba lazima iwe salama na ifae kuishi siku ile unayoichukua, na wa kuthibitisha hilo ni mthamini.

Hapo ndipo nilipoteleza mara ya kwanza. Dada aliyekuwa dalali wetu, Mkenya, mtu makini, aliniambia mapema kwamba tutafute mkaguzi wa nyumba, dola 450. Nikajibu kwamba si mthamini anakuja kwa amri ya FHA, tena anakagua mpaka darini? Nikaona ni kulipa kazi moja mara mbili. Akanishauri tena, nikakataa tena. Kwenye makubaliano tukaandika kwamba hatuhitaji ukaguzi.

Mthamini ana swali moja kubwa la kujibu: je, nyumba hii ina thamani ya fedha ambazo mkopeshaji anataka kuzitoa? Kwa mkopo wa FHA anaongeza la pili, kwamba masharti ya chini ya usalama yametimia. Anafungua mabomba kadhaa kuona nguvu ya maji, anavuta choo, anawasha taa, anajaribu soketi, anapandisha joto kwenye thamostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto la nyumba, na kuhakikisha hewa ya moto inatoka. Anaangalia tangi la maji ya moto kama lina valvu ya usalama na bomba lake la kushusha maji. Anaingiza kichwa na mabega darini. Basi. Hafungui mashine, hakwambii imebakiza miaka mingapi, wala hakufanyii kazi wewe. Mthamini wetu alinieleza hivyo mwenyewe, nami nikawa nimesimama pale nimevaa koti na kofia, naelewa kitu ambacho ningepaswa kukielewa wiki tatu nyuma.

Kwetu Morogoro marehemu baba aliponunua nyumba alifungua bomba la uani, akagonga simtanki kusikia kama lina maji, akasoma mita ya umeme ya LUKU, akapanda ngazi kuangalia mbao za paa. Joto linatoka mbinguni. Nimekuwa nikipanga vyumba huku miaka yote hiyo, na katika kila nyumba joto lilikuwa kitu kinachotoka kwenye tundu la sakafuni. Likikatika nampigia mwenye nyumba. Sikuwahi kujiuliza linatengenezwa wapi.

Kosa la pili lilikuwa la kutouliza swali fupi: nani atawasha? Mimi nilidhani muuzaji. Dalali wetu alidhani dalali wa upande wa pili, ambaye naye alidhani tumeshafungua akaunti. Mkopeshaji aliagiza mthamini bila kuuliza mtu. Na mthamini akikuta vitu vimezimwa hana ruhusa ya kufungua valvu wala kupandisha breka ya mtu. Anaandika tu kwamba hakuweza kukagua, na ripoti inatoka na sharti: arudi vikishawashwa. Kurudi kwake kunalipiwa. Kwetu ilikuwa dola 175 kwa safari.

Nyumba za namna hii huku hufungwa kwa ajili ya baridi, na inafaa ujue walifanya nini kabla hujasema wafungulie. Fundi anafunga valvu kuu ya maji, anatoa maji yote kwenye mabomba na tangi, anapuliza hewa ya kompresa mpaka matone yaishe, halafu anamimina dawa ya rangi ya waridi vyooni na kwenye bomba lililopinda chini ya kila sinki ili kilichobaki kisigande. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba la shaba haliwezi kustahimili. Ubaya wake ni kwamba bomba lililopasuka mwezi wa Desemba halivuji Desemba. Litavuja siku maji yatakaporudi.

Kupata kibali cha muuzaji kuwasha tu kulichukua siku sita. Ni karatasi, inapita mikono mingi, na benki haina haraka kama wewe. Kisha nikafungua akaunti ya umeme na ya gesi kwa jina langu, katika nyumba ambayo si yangu. Maji yalihitaji mtu wa manispaa aje, na hawafungui kama hakuna mtu ndani ya nyumba. Fundi wa kufungua nyumba alitaka dola 225.

Nawasihi wenye safari hii wafuate mpangilio huu, kwa sababu sisi tuliuvuruga. Umeme na gesi vitangulie. Iache fanesi, ile mashine kubwa ya joto iliyo besimenti, ipashe nyumba siku nzima au mbili, mpaka kuta zenyewe na mabomba yaliyo ndani yake yapate joto. Halafu mwambie fundi ajaribu mabomba kwa hewa kwanza: anajaza hewa, anaangalia geji; mshale ukishuka pana tundu mahali, na tundu la hewa haliharibu ukuta wa mtu. Baada ya hapo ndipo maji yafunguliwe, polepole, mabomba ya masinki yakiwa wazi ili hewa itoke. Na tangi la maji ya moto lisiwashwe mpaka limejaa. Likiwashwa tupu linaungua.

Sisi tulipata nafasi ya mtu wa manispaa Alhamisi, fanesi ilikuwa imewashwa Jumatano jioni, na fundi wetu hakupima kwa hewa. Nilikuwa nimesimama kwenye korido. Maji yaliingia, mabomba yakakohoa, sinki la jikoni likatema uchafu wa kahawia kisha yakatoka masafi, nikafurahi. Dakika moja baadaye nikasikia sauti nyuma ya ukuta wa bafu. Si ya kudondoka. Ni kama mtu anayepepeta mchele, mfululizo. Niliweka kiganja ukutani. Rangi ilikuwa baridi, na doa lilikuwa linakua chini ya mkono wangu naliona. Nikapiga kelele, fundi akakimbia besimenti kufunga valvu kuu. Kwa sababu tulikuwepo wawili, mmoja chini na mmoja juu, hasara ilikuwa kipande cha ukuta ukubwa wa trei ya chai na bomba la shaba lililopasuka kwenye kona. Angekuwa peke yake sijui.

Matengenezo yalikuwa dola 410, nami nikalipa. Hilo nalitaja kama kosa la tatu, ingawa wakati ule niliona ni busara. Nilitia fedha zangu ndani ya ukuta wa benki. Mauzo yangevunjika wiki ile, na yalikaribia, nisingekuwa na pa kuzidai. Dalali aliniomba nisubiri muuzaji ajibu. Lakini riba yetu tulikuwa tumeifungia kwa siku 45, yaani mkopeshaji aliahidi kutoibadilisha kwa muda huo, siku zilikuwa zinayeyuka, na mkataba wa apatimenti ulikuwa unaisha tarehe 31 Machi. Hofu ndiyo iliyolipa ile dola 410.

Usiku ule mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, watoto wamelala. Hakunilaumu. Alisema tu, "Baba watoto, tungemlipa yule mkaguzi." Nilijua anachokisema. Mkaguzi asingeweza kuziba bomba. Ila mkaguzi naye hafanyi kazi katika nyumba iliyozimwa, kwa hiyo swali la nani anawasha lingejitokeza wiki ya kwanza, kabla mthamini hajaagizwa, kabla riba haijafungwa, tukiwa bado tuna haki ya kujitoa na kurudishiwa amana yetu, zile fedha tulizoweka kama ahadi ya kununua.

Mthamini alirudi Jumatatu. Safari hii nilimfuata nyuma kila alipokwenda, kwa ruhusa yake. Vyoo vilivuta. Taa ziliwaka. Alipandisha thamostati, akasimama na mkono juu ya tundu la sakafuni sebuleni, baada ya muda mfupi hewa ya moto ikaja. Akapiga picha. Nilianza kupumua.

Akaingia chumba cha nyuma. Kile chumba zamani kilikuwa baraza, mtu akakijengea kuta na madirisha, kikawa chumba cha kulala cha tatu. Mke wangu alikuwa ameshakipangia watoto. Mthamini alitazama sakafu pande zote nne akitafuta tundu la hewa. Hakuna. Chini ya dirisha kulikuwa na hita ndefu ya umeme iliyofungwa ukutani, akageuza kitufe chake, akaendelea na kazi nyingine, akarudi baada ya nusu saa na kuiwekea kiganja. Baridi kama jiwe. Kanuni za FHA zinataka mfumo wa joto uliofungwa moja kwa moja nyumbani uweze wenyewe kuweka sehemu zote za kuishi kwenye digrii zisizopungua 50 za Fahrenheit, yaani 10 za Selsiasi. Na kwa kuwa chumba kile kilikuwa kimehesabiwa kwenye ukubwa wa nyumba, nacho kinahusika. Dalali wa muuzaji alisema atanunua hita ndogo ya kuchomeka. Mthamini akakataa: kitu unachoweza kukibeba mkononi hakihesabiwi.

Kwa hiyo ukitembelea nyumba, hesabu vyumba, kisha tafuta chanzo cha joto katika kila kimoja, kimoja kimoja, hasa vile vilivyoongezwa baadaye: baraza zilizozibwa, gereji zilizogeuzwa vyumba, dari zilizowekwa vitanda. Simama hapo dakika chache mashine ikiwa inafanya kazi. Ningefanya hivyo siku ya kwanza, tungeliweka kwenye ofa.

Lile lilikuwa dogo. Fundi umeme wa muuzaji alikuta kidhibiti cha ukutani kimekufa, akabadilisha. Lililotutisha ni jingine, nalo mthamini hakuliona. Simlaumu. Alitakiwa aone kama mashine inawaka na kupasha joto, nayo iliwaka na kupasha joto.

Ghalani nafanya kazi na ndugu mmoja kutoka Lubumbashi, ambaye mchana ni fundi wa fanesi. Nilimsimulia wakati wa chakula, najisifu kwamba joto limepita. Akaniuliza mashine ni ya mwaka gani. Sijui. Akaniuliza kama mtu ameifungua. Hapana. Akaweka kijiko chini. Akasema fanesi huishi miaka 15 mpaka 20, na inayopasha joto vizuri inaweza kuua vilevile. Nikaomba kibali kingine, kwa kuwa umeme na gesi bado vilikuwa kwa jina langu, nikamleta kupitia kampuni anayofanyia kazi. Dola 129.

Kwanza alinionyesha kibati cha namba kwenye mlango wa ndani wa mashine. Tarehe ya kutengenezwa: 1998. Kisha akavuta kichujio cha hewa, kile kipande cha karatasi ya mikunjo ambacho kinapaswa kuwa cheupe. Kilikuwa cha kijivu na kizito kama blanketi lililoloa, nywele za mbwa zimejisuka juu yake. Kichujio kikiziba hivyo, hewa haipiti ya kutosha, chuma cha ndani kinapata moto kupita kiasi, kinatanuka na kusinyaa kila siku, miaka, mpaka kinachoka.

Akanichuchumaza pembeni yake, mlango wa mashine ukiwa wazi, akapandisha thamostati. Kifeni kidogo kikaanza kuvuma. Hicho kinavuta moshi kuupeleka nje. Kiwashio kikageuka chekundu cha machungwa. Gesi ikafunguka, moto ukashika, na miali minne ikalala mbele kwa mstari, rangi ya buluu, mitulivu. "Sasa ngojea feni kubwa," akasema. Tukangoja kama nusu dakika. Feni kubwa inayosukuma hewa vyumbani ikaanza. Miali mitatu haikubadilika. Wa nne, wa kulia, ukaegemea pembeni, ukatetemeka, ncha ikawa ya njano.

"Ndugu, ona. Moto inacheza."

Moto unawaka ndani ya sanduku la chuma; hewa tunayoivuta inapita nje ya sanduku hilo na kuchukua joto lake. Vitu hivyo viwili havipaswi kukutana kabisa. Mwali ukicheza pale feni kubwa inapoanza, maana yake upepo wake umepata njia ya kuingia. Alipitisha kamera nyembamba, tukaona ufa urefu wa kidole changu cha kati. Na penye ufa, gesi ya kaboni monoksaidi inaweza kutoka na kupandishwa na feni hiyohiyo mpaka chumba cha watoto. Haina harufu, haina rangi. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunaijua bila kulijua jina lake. Ni ile inayoondoa familia nzima usiku mmoja kwa sababu ya jiko lililoingizwa ndani, mlango ukafungwa kwa baridi. Sikuwaza kwamba inaweza kukaa kwenye mashine ya benki, Minnesota, na thamostati inayofanya kazi.

Alifunga gesi ya mashine, akaning'iniza kadi nyekundu, akaandika ripoti na kusaini. Nilikaa kwenye ngazi ya besimenti muda mrefu. Nilikuwa nimeshikilia karatasi ambayo ingeweza kuturudisha mwanzo kabisa, na kwa kitambo, nakiri, nilifikiria kuikunja na kuiweka mfukoni, tusaini kwanza, tubadilishe mashine wenyewe tukishaingia. Ndugu yule hakunishawishi. Alikusanya vifaa vyake, akasema kwa utaratibu kwamba kule kwao alishawahi kuzika kwa ajili ya mkaa. Nikampigia dalali nikiwa bado kwenye ngazi.

Dalali aliipeleka ripoti kwa mkopeshaji na kwa muuzaji siku ileile. Mkopeshaji akasema bila mfumo wa joto salama hakuna mkopo. Muuzaji akajibu kwamba nyumba inauzwa ilivyo. Siku nne tukakaa hivyo. Tulilala kidogo sana. Mke wangu alianza kuangalia tena apatimenti kwenye simu wakati wa mapumziko yake ya kazini. Siku ya tano benki ikakubali kuweka fanesi mpya kwa gharama yake. Kwa maoni ya dalali, ripoti ya maandishi ndiyo iliyosaidia: tatizo lilikuwa limeshajulikana, na mnunuzi mwingine yeyote wa mkopo kama wetu angekwama palepale. Ningeenda na maneno ya mdomo tu, sidhani kama tungepata kitu. Mweleze fundi mapema kwamba unataka ripoti yenye tarehe, namba ya mashine, picha na saini.

Kwa wanaoishi kwingine, mashine zinatofautiana. Ndugu zetu wa Portland, Maine, wengi wenu mtakuta nyumba zinapashwa kwa mafuta. Hakikisheni tangi lina mafuta siku ya mthamini. Likikauka, mashine inavuta matope ya chini na hewa, na haitawaka hata ukijaza palepale; lazima fundi aje aitoe hewa kwanza. Penye boila na mabomba ya maji ya moto ukutani, kila bomba la ukutani liguswe kwa mkono, maana moja lenye hewa ndani litabaki baridi wakati mengine yanaunguza. Na kiyoyozi kikaguliwe kivyake ukinunua wakati wa baridi. Mthamini hatakiwasha nje kukiwa kumeganda, kwa kuwa anaweza kukiharibu. Chetu tulikijua mwezi wa Juni.

Fedha zilizotutoka nje ya mpango ni hizi: safari mbili za mthamini kurudi, 350, kufungua nyumba, 225, bomba, 410, fundi wa fanesi, 129, na kuongeza siku za riba, karibu 600, ambayo ni robo ya asilimia ya mkopo. Jumla kama dola 1,714. Sijaweka kodi ya mwezi wa ziada tuliyolipa apatimenti bila mkataba, wala zamu nilizokosa. Ile 129 ndiyo pekee ambayo ningeilipa tena bila kufikiri.

Safari ya tatu mthamini alikuja jioni. Fanesi mpya ilikuwa kimya kiasi kwamba nililazimika kuweka mkono juu ya tundu kujua inafanya kazi. Akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akaweka kipimajoto chake kidogo juu ya dirisha, akatoka kupiga picha za besimenti, akarudi: 66 za Fahrenheit. Ripoti ikafika kwa mkopeshaji baada ya siku mbili, na tarehe ya kusaini ikapangwa Ijumaa.

Siku moja kabla ya kusaini tulipita tena nyumba nzima, mimi na mke wangu na dada dalali. Hatukuwa na haraka. Tulifungua kila bomba, moto na baridi, tukavuta vyoo vyote viwili, nikashuka chini kuangalia sakafu kama ina unyevu, nikapandisha thamostati nikachuchumaa mbele ya mashine kusikiliza: kifeni kidogo, kiwashio, gesi, kisha feni kubwa. Tulikuwa tumenunua ving'ora viwili vya kaboni monoksaidi. Sheria ya Minnesota inataka kiwepo kimoja ndani ya futi 10, kama mita 3, kutoka kila chumba cha kulala. Mke wangu alikibonyeza cha korido kukijaribu, kikalia mpaka jirani akachungulia dirishani.

Tuliposaini ilikuwa saa tisa alasiri, na tusingehamia mpaka wiki ya pili. Dalali aliniuliza kama akaunti zote ziko kwa jina langu, kwa sababu wauzaji wengine hukata huduma saa ileile ya kusaini, na nyumba tupu ikikatiwa gesi Ijumaa inaweza kuganda kabla ya Jumatatu. Nikiwa kwenye maegesho nilipiga simu zote tatu, umeme, gesi, maji, nikaandika namba ya uthibitisho ya kila moja nyuma ya bahasha ya funguo. Kisha tukaendesha hadi nyumbani kwetu, nikaweka thamostati kwenye 55, na mke wangu akakaa sakafuni katika chumba cha nyuma, bila koti.